Hema Ndani ya Pipa

Mwaka ule miparachichi ilizaa mpaka matawi yakalala, na majirani wakaanza kuiangalia kwa jicho baya. Huku kwetu Naguabo, kisiwani, parachichi zikizidi watu husema kimbunga kinakuja, huanza kutafuta misumari na mbao, ingawa nimeiona miaka zilipozidi na usije hata upepo wa kuangusha ndoo. Mimi nilizigawa tu. Doña Provi, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, hajawahi kunirudishia mfuko mtupu. Mfuko ukienda kwake na parachichi unarudi na ndizi mbichi, au pilipili, au limau mbili alizozifunga vizuri kwenye gazeti.

Ilikuwa Agosti, tumekaa jikoni kwangu tunakunywa kahawa ya saa tisa, binti yangu Zoraida aliposema anataka twende kupiga kambi.

"Lini?" akauliza kaka yake, Gamalier.

"Wikiendi ya kwanza ya Septemba. Kama zamani."

Gamalier akaweka kikombe chini. "Septemba."

"Septemba, ndiyo. Kwani baba alikuwa anatupeleka Januari?"

Hilo lilikuwa kweli. Mume wangu Eladio, Mungu amweke mahali pema, alifanya kazi kiwandani, na kiwanda kilifungwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba, sikukuu ya wafanyakazi. Basi kila mwaka siku hizo aliwapakia watoto kwenye gari pamoja na hema kubwa la kijani la turubai nene, tukaenda ufukweni. Ufuo ulikuwa mtupu, maana mwezi huo watu wenye akili wanakaa karibu na nyumba zao. Hatukuwahi kukutwa na kimbunga. Siwezi kusema tulijua tunachofanya.

Zoraida alikuwa anahama. Mume wake, Edgardo, alishatangulia Kissimmee, kule Florida, tangu Mei, akapata kazi, akapanga nyumba ya vyumba viwili. Tiketi ya Zoraida na binti yake Nashaly ilikuwa ya Jumatano ya wiki ya pili ya Septemba. Nusu ya vitu vyake alishaviuza, na nusu alishavitia kwenye maboksi na kuvileta kwangu, ambako yeye na mtoto walikuwa wanalala.

"Nataka Nashaly alale kwenye hema la babu yake," alisema. "Usiku mmoja tu, na sisi wote tukiwa ndani. Hicho tu. Nikishapata hicho nitapanda ndege vizuri."

Sote tukamwangalia Gamalier, kwa sababu hema lilikuwa kwake, na lilikuwa ndani ya pipa.

Kila nyumba ya mtaa wetu ina pipa la namna hiyo, au ndoo kubwa, au sanduku. La Gamalier ni la plastiki, la bluu, lililokuja nchini limejaa zeituni. Ndani yake mna jiko la gesi, taa za betri, kamba, kahawa iliyofungwa kwenye mtungi, biskuti za chumvi, soseji za kopo, dawa za mkewe, na chini kabisa lile hema. Tarehe mosi Juni, msimu wa vimbunga ukianza, anakifunga kifuniko, anakaza pete ya chuma, kisha anazungusha utepe wa gundi mara nyingi mpaka pipa linaonekana limevunjika mfupa na kufungwa bendeji. Halifunguliwi mpaka Novemba iishe, isipokuwa kimbunga chenyewe kiwe kimeshapita juu yetu. Majirani wengine hufanya vivyo hivyo, ila hawatumii utepe wote ule.

Hakuwa hivyo zamani. Mwaka wa kimbunga María upepo ulimwondolea paa lote, bati na mbao zake, tukaja kuokota vipande kwenye shamba la ndizi la mtu mwingine. Yeye na mkewe Ivelisse waliishi ndani ya hema la Eladio, uani kwao, kwa mwaka mzima na zaidi, wakisubiri paa. Niliwaambia waje kwangu. Nyumba yangu ni ya zege. Gamalier alisema akiondoka uani hakuna atakayekuja kujenga, wataona hapana mtu. Ivelisse alikuwa anakuja kuoga. Na kila siku jioni Zoraida aliteremka kilima na sufuria ya wali na maharage imefungwa kwa taulo, akaiacha kwenye mlango wa hema na kurudi bila kukaa, ili wasione haya. Sijamsikia akilitaja jambo hilo tangu wakati ule, na kaka yake pia hajalitaja.

"Kambi nilishapiga," Gamalier alisema pale jikoni. "Ya kunitosha mpaka kufa. Na sikuona bahari."

"Mimi pia nilikuwemo," akasema Ivelisse, "na nataka kwenda. Safari hii angalau nitachagua mwenyewe pa kulala."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Upande wa wifi yangu. Anaondoka."

Gamalier akauma biskuti. Ni mtu mzuri, mwanangu. Hawezi kukataa kitu mara mbili mbele ya Ivelisse. Akasema atakwenda, lakini kwa mpango. Kwanza, hatuvuki maji. Zoraida alikuwa akifikiria kisiwa cha Culebra, na Gamalier akasema meli ikisimama tutakwama kule kama kuku bandani. Tutakwenda La Mora, ufuo mdogo wa wavuvi huko chini, ambapo pikapu inafika mpaka mchangani. Pili, pikapu itaegeshwa uso ukiangalia barabara. Tatu, kuanzia siku hiyo yeye ndiye atakayetazama ramani ya hewa kwenye simu, asubuhi na jioni, na akisema hapana, ni hapana.

"Sawa, jenerali," Zoraida akasema. "Na hema?"

"Hema tafuta jingine. Pipa halifunguliwi."

"Gamalier. Ni hema la baba."

"Ni nyumba yangu ya pili. Ukienda nalo Ijumaa, Jumamosi kikaja, nitalala wapi?"

"Una paa la zege siku hizi!"

"Hata lile la kwanza lilikuwa paa."

Nashaly, ambaye ana miaka saba na hapendi kimya, akauliza, "Mjomba, mle ndani ya pipa mna nini kingine?"

"Soseji."

"Soseji hata bibi anazo, ziko kabatini."

"Za bibi ni za kula," Gamalier akasema. "Zile ni za kimbunga."

Ivelisse alicheka mpaka akashika meza. Mimi niliongeza kahawa.

Kwa hiyo ikabidi kila kitu kiazimwe. Zoraida hakutaka kununua vitu atakavyoviacha siku chache baadaye, na vyangu ni vya zamani, jiko langu linavuja. Alianzia kwa Doña Provi. Gamalier alimfuata kubeba, na mimi nilimfuata kwa sababu nilikuwa na mfuko wa parachichi.

Doña Provi anaishi peke yake na mbwa kipofu. Pipa lake si pipa, ni sufuria ya kupikia karamu, ile ya kuchemshia ndizi na nyama ya Krismasi, ameifunika kwa sinia na kuweka jiwe juu. Zoraida alipomaliza kueleza, mama wa watu aliondoa jiwe, akaondoa sinia, akatoa jiko lake la gesi na kumpa. Haikuchukua hata dakika.

Gamalier akashtuka. "Doña Provi, msimu huu?"

"Msimu gani? Wewe mwezi jana si ulipanda juu kunizibulia mfereji? Ulikuwa msimu gani?"

"Mama, mimi nasema, kikija?"

"Kikija nitakuja kupika kwako. Wewe si unalo, limefungwa na gundi? Mtaa mzima unajua."

Gamalier akalibeba lile jiko kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa wenyewe. Njiani alisema kwa sauti ndogo, "Amelitoa hivi hivi tu."

"Ndiyo," nikasema.

"Na jiwe lake."

"Nimeona."

Kwa Don Cheo, mzee aliyekuwa zimamoto, tulipata taa mbili na kasha la barafu. Don Cheo hakukosa la kusema. Alimwambia Gamalier, "Kijana, umeamua kutoka kwenye ganda? Nikuazime na mdoli wa kulala naye?" Lakini betri za zile taa alizitoa kwenye redio yake mwenyewe, akaziweka akidhani hatumwoni. Kanisani vijana walitupa hema dogo la rangi ya chungwa, wakaapa kuwa linaingia watu wanne.

Tulilisimamisha uani kwangu kulijaribu. Nafikiri lilitengenezwa kwa ajili ya watoto wawili wasiopendana. Gamalier aliingia, akalala, na miguu yake ikabaki nje kuanzia magotini.

"Mjomba anazaliwa!" Nashaly akapiga kelele.

"Geuka, kaka, labda ukikunja shingo," Ivelisse akasema, maana akitaka kumtania mume wake humwita kaka.

"Nikikunja shingo nani ataendesha gari?"

Zoraida alicheka kuliko sote. Halafu akaingia ndani kunawa uso, akakaa huko muda mrefu. Gamalier alitoka hemani, akajipangusa majani, akatazama mlango wa nyumba. Kisha akaanza kulikunja lile hema, na alilikunja vizuri sana, kona kwa kona, kuliko lilivyokuja.

Jiko, taa na kasha vikapangwa kwenye kibaraza changu. Ivelisse alikuwa na orodha ya chakula kichwani, na kila siku aliongeza kitu: samaki mkavu wa chumvi wa kukaangia vitumbua, mihogo, mkate, jibini na jeli ya mapera. Nashaly alifungasha begi lake mapema mno, ikabidi kila asubuhi alifungue kutafuta mswaki.

Na kila jioni Gamalier alikuja na simu. Huku kwetu, kufika Agosti, hata mtoto anajua kwamba mawimbi ya hewa, yale yanayozaa vimbunga, yanatoka pwani ya Afrika moja baada ya jingine, yanavuka bahari kuja kwetu, na mengi yanakufa njiani. Kinachoyaua ni vumbi la Sahara. Likifika, mbingu inakuwa rangi ya chai ya maziwa, macho yanawasha, Nashaly anakohoa, na sisi tunafurahi. Wiki zile vumbi lilikuwepo. Gamalier alikuwa anasimama kibarazani anakohoa na kusema, "Safi. Safi kabisa."

Kisha mvua fupi ikanyesha usiku, asubuhi mbingu ikawa bluu kama imefuliwa. Sikupenda. Doña Provi naye alitoka akatazama juu, akarudi ndani bila kunisalimu, si kawaida yake.

Jumanne wimbi moja likapewa namba. Alhamisi likapewa jina, maana yake limeshakuwa dhoruba. Sitalitaja, halikufanya kitu cha kukumbukwa. Lakini siku ile hatukujua, na mstari kwenye ramani ulipita juu ya Naguabo, au karibu yake.

Gamalier alifika kwangu mapema, kabla sijawasha jiko. Zoraida alikuwa ameshaamka, amekaa kwenye ngazi ya kibaraza kati ya vile vitu.

"Ni hapana," Gamalier akasema.

"Najua. Nimeona."

"Si mimi, Zoraida."

"Nimesema najua, kaka. Saidia tupakie."

Wakapakia pikapu, wakaanza kurudisha vitu. Wanaume wengine asubuhi ya namna ile wanakimbilia madirisha yao kwanza. Gamalier alirudisha kila kitu kwa mwenyewe kabla hajagusa nyumba yake. Kwa Don Cheo alibaki kumwekea mabati ya madirisha, kwa sababu mzee ana bega bovu na huwa hasemi. Alinunua na betri mpya za redio, akaziacha mezani. Don Cheo akamwita mpumbavu, akamtilia kahawa.

Kwa Doña Provi nilikuwepo. Gamalier alilitia jiko ndani ya sufuria, akaweka sinia, akaliinua jiwe.

"Jiwe acha," Doña Provi akasema.

"Mama, upepo."

"Upepo hauingii jikoni kwangu kutafuta jiko. Acha jiwe. Jumapili mtakuja kulichukua tena."

"Safari imekufa, Doña Provi."

"Nani kasema? Hiki kinapinda. Mbwa amelala."

Gamalier alimtazama yule mbwa kipofu, amelala ubavu chini ya meza kama gunia. Akaweka jiwe sakafuni, karibu na sufuria. Kisha akatoka na drili akamfungia madirisha.

Ilikuwa imeshapita saa sita tulipofika nyumbani kwa Gamalier. Zoraida alipanda ngazi kwenda juu ya paa kulifunga tangi la maji, na Gamalier alikuwa chini akimrushia kamba. Nilikaa kwenye kiti cha Ivelisse nikiwatazama.

"Kaza," Gamalier alisema.

"Nimekaza."

"Kaza tena."

"Nikikaza tena tangi litatapika."

"Umetumia fundo gani?"

"La baba."

Gamalier akapanda nusu ya ngazi, akalitazama lile fundo, akalivuta. Halikutikisika. Akateremka. Pipa la bluu lilikuwa limesimama kwenye kona ya jikoni na utepe wake wote, na Zoraida aliposhuka na kuingia kunywa maji alipita karibu nalo. Hakulitazama. Niliona alivyojitahidi asilitazame.

Kimbunga tulikingojea kwangu, sote watano, na kilipinda. Kilipita kaskazini, mbali, kikatuachia mvua ya usiku kucha na upepo uliopiga madirisha kama mgeni asiyejua kuna kengele. Umeme ulikatika mapema. Asubuhi ya Jumamosi tulitoka, na barabara nzima ilikuwa parachichi. Mti wangu ulipoteza tawi moja kubwa, halikumwangukia mtu. Majirani walikuwa nje na ndoo na mashuka wakiokota, na kila mmoja akidai hizi zimetoka kwenye mti wake. Don Cheo aliokota zangu mbele ya macho yangu, akaniletea nusu kama zawadi.

Gamalier na Ivelisse walirudi kwao. Zoraida alirudi kwenye maboksi yake. Nashaly alimwuliza kama Florida kuna mahema.

"Yapo. Tutanunua."

"Makubwa?"

"Makubwa, mama."

"Ya babu?"

Zoraida alikuwa anafunga boksi la vyombo, na alilifunga mpaka mwisho ndipo akajibu. "Hapana, mama. Mengine."

Jumapili baada ya misa, nilikuwa kibarazani nachagua parachichi zilizopasuka, nikasikia pikapu ya Gamalier. Haikuja taratibu kama kawaida yake. Nyuma yake lilikuwepo pipa la bluu, limesimama wima, limefungwa kamba pande zote kama abiria mwenye hofu. Ivelisse alikuwa mbele na kikapu mapajani.

Gamalier akashuka. "Mama, una bisibisi pana?"

"Ya nini?"

"Pete ya pipa imeshika kutu."

Nilimtazama. "Mwanangu, msimu haujaisha. Bado sana."

"Najua."

"Na kuna wimbi jingine limetoka Afrika. Redio imesema."

"Nimeliona, Mama. Liko mbali." Akajikuna shingo. "Kesho ni sikukuu. Umeme wenyewe haujarudi, hakuna wa kwenda popote. Tunalala usiku mmoja, asubuhi tunarudi."

Sijui kilichombadilisha. Nasimulia nilichokiona. Huenda ni lile jiwe la Doña Provi, huenda ni fundo, huenda ni Ivelisse aliyesema naye usiku. Nilimpa bisibisi.

Zoraida alitoka ndani na utepe wa kufungia maboksi mkononi, akasimama mlangoni. Hakuna aliyemweleza. Gamalier aliliteremsha pipa kibarazani, akaanza kukata ule utepe wake, tabaka kwa tabaka. Ilichukua muda. Pete ilikuwa ngumu kweli. Akatia bisibisi, ikateleza, akatukana kidogo, akaniomba radhi.

"Linazunguka lote," Zoraida akasema. "Ngoja." Akapiga magoti, akalikumbatia pipa kwa mikono na magoti yote. "Haya."

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Shika tena."

"Gamalier, fungua pipa!"

Likafunguka kwa mlio kama chupa. Harufu ya zeituni ikatoka. Miaka yote ile, pipa lilioshwa kwa sabuni na kwa siki na kwa limau, na bado kila kinachokaa humo kinanukia zeituni. Alitoa jiko, taa, kamba, soseji, mtungi wa kahawa, akavipanga sakafuni. Kisha akaingiza mikono miwili mpaka mabegani, akalitoa hema la Eladio.

Tulilitandaza uani. Sikuwa nimeliona tangu walipotoka ndani yake. Kijani chake kilikuwa kimefifia, na lilikuwa na viraka vingi vya bluu, vya yale maturubai yaliyogawiwa watu baada ya María. Zoraida alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye kiraka kimoja.

"Nani kashona hivi?"

"Mimi," Ivelisse akasema kutoka kwenye gari. "Una neno?"

"Wifi, huu mshono umelewa."

"Nilishona gizani na mvua inaingia, bibie. Njoo upande huu uone nilivyoshona mchana."

Zoraida akaenda upande ule, akaona. "Huu nao umelewa," akasema, na wakacheka wote wawili, na Gamalier akageuka kufunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Tulipokuwa tunapakia, Doña Provi alivuka barabara na jiko lake.

"Tunalo, Doña Provi," Gamalier akamwambia. "Limetoka. Unaliona hilo."

"Naliona. Chukueni na hili, mawili yanapika haraka." Akaliweka kwenye pikapu mwenyewe. Alipolipita lile pipa tupu alichungulia ndani, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetembelea nyumba mpya na kuridhika.

La Mora ilikuwa chafu. Bahari ilikuwa na rangi ya udongo, na mchanga umejaa majani ya minazi na mwani na kiatu kimoja cha mtu. Pikapu iliegeshwa uso ukiangalia barabara. Gamalier na Zoraida walisimamisha hema wao wawili, wakabishana kila kigingi, na waliposhindwa kukubaliana waliniuliza Eladio alikuwa anaanzia kona gani. Sikukumbuka. Niliwaambia alianzia ya baharini, na wakakubali.

Tulikula kukiwa bado na mwanga. Ivelisse alikaanga vitumbua vya samaki kwenye jiko la Doña Provi, na kwenye jingine Gamalier alipasha moto soseji.

Nashaly aliitazama sahani yake. "Mjomba, hizi si za kimbunga?"

"Kula," Gamalier akasema.

Tuliingia sote watano, na tulienea. Mtoto alilala katikati, mama yake upande mmoja na mimi upande mwingine. Gamalier alilala karibu na mlango, pale alipokuwa akilala Eladio, sijui kama alijua.

Asubuhi niliamka kukiwa na mwanga tayari. Zoraida alikuwa amekaa nje mchangani, Nashaly mapajani, bado hajawasha jiko. Nilipotaka kuchukua sufuria ya kahawa alijiwekea kidole mdomoni. Akaniashiria mlangoni. Gamalier alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja nje ya hema juu ya mchanga, simu yake imeisha betri kando yake. Ivelisse aliniambia baadaye kwamba tangu walipopata paa jipya, kila mwaka Septemba huwa anaamka kabla ya alfajiri kutazama ramani. Basi tulikaa bila kahawa, sisi watatu, Ivelisse naye bado amelala ndani, mpaka jua likamfikia usoni akaamka mwenyewe.

"Mbona hamkuniamsha?" akauliza.

"Ulikuwa unakoroma kwa raha," Zoraida akasema. "Tuliogopa kimbunga."

Tulirudi kwangu mchana. Jiko la Doña Provi lilirudi kwake limesuguliwa, na ndani ya mfuko Ivelisse alitia vitumbua vilivyobaki. Gamalier alilikausha hema juani, akalikunja, akalirudisha ndani ya pipa, chini kabisa, na juu yake vitu vingine vyote, pamoja na soseji mpya alizonunua njiani. Alikaza pete. Kisha akatafuta utepe, akakuta wake umekwisha.

Zoraida akampa ule wa maboksi yake. Gamalier akazungusha mara moja, akausogeza kwa kiganja ushike vizuri, akakata kwa meno na kumrudishia.

"Na wewe utauhitaji," alisema.